Huguette Hakurudi na Wenzake

Wanafunzi wa darasa la tano walipopangwa wawili wawili karibu na mizani ya samaki ili warudi shuleni, msichana aitwaye Adoch alikuwa amesimama peke yake. Mwalimu wao, Namalwa, alimwona vizuri, lakini aliendelea kuwahesabu hadi mwisho wa mstari, kisha akarudi mbele akaanza upya. Alitaka awe amekosea. Mara ya pili hesabu ilikuja vilevile. Aliyepungua alikuwa Huguette.

Alimwuliza Adoch mwenzake yuko wapi. Adoch alitazama viatu vyake akasema hajui.

Soko la Ggaba, ukingoni mwa ziwa nje kidogo ya Kampala, lilikuwa limefurika. Mashua zilikuwa zikishusha samaki, wachukuzi walipita na makreti vichwani wakiwataka watu wapishe, na upande wa barabara makondakta wa teksi waliita abiria wa mjini. Muda mfupi tu uliopita Namalwa alikuwa ameyafurahia yote hayo. Sasa aliona jinsi mtoto anavyoweza kupotelea huku au kule: barabara juu, vichochoro vya soko katikati, na chini kabisa maji. Aliwaambia watoto wakae chini pale walipo na wasisogee. Wakakaa kwenye saruji yenye magamba, bila hata mmoja kulalamika.

Namalwa alizaliwa Bungoma, akaletwa Kampala angali mdogo wazazi wake walipofungua duka la vifaa vya ujenzi Bukoto. Baada ya chuo kikuu aliingia katika mpango unaowapeleka wahitimu kufundisha kwa miaka miwili kwenye shule za watu wasio na uwezo. Baba yake alinung'unika kwamba hakumsomesha ili akapake vumbi la chaki. Yeye akaenda. Akapangiwa shule ndogo kwenye mteremko juu ya soko hilo, shule ya mabati na mbao ambayo watoto wake wengi walikuwa wa wauza samaki, wafua nguo na walinzi. Mwaka wa kwanza ulimtoa jasho. Wa pili ulikuwa umefika katikati, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaamka asubuhi akiwa na hamu ya kwenda kazini.

Sehemu ya hamu hiyo ilitokana na Huguette. Msichana huyo alikuja na mama yake kutoka Bukavu, Kongo, akawekwa darasa moja na watoto aliowazidi kimo sana, kwa sababu hakujua Kiingereza wala Luganda. Alikaa nyuma, hakufungua kinywa, na walimu wengine walishasema kwamba ni mzito wa kichwa. Siku moja Namalwa alimwinamia akamwuliza swali la hesabu za sehemu kwa Kiswahili. Huguette alijibu kabla swali halijaisha. Kumbe muda wote ule alikuwa anafanya hesabu kimoyomoyo na kukosa tu maneno ya kuzitolea.

Tangu hapo Namalwa alimkalisha na Adoch, ambaye baba yake ni askari na alikuwa ameokota Kiswahili kambini. Akaweka pia sheria moja darasani: mtu asiyeelewa asiachwe peke yake. Aliye karibu naye abaki naye mpaka aelewe. Watoto waliishika sheria ile kuliko alivyotarajia. Waliitumia hata kwenye mchezo wa mpira.

Safari ya sokoni ilikuwa wazo lake. Alitaka wapime samaki kwa mizani ya kweli na kuwauliza wauzaji maswali. Mwalimu mkuu, Bwana Okwera, hakuipenda tangu mwanzo. Alisema barabara ni mbaya na ziwa halina ukuta, na kwamba vijana wa mpango huja na mawazo mazuri kisha huondoka na kuwaachia wengine matatizo. Mwishowe akakubali. Lakini asubuhi ya safari alisimama mbele ya darasa na fimbo yake akatangaza kwamba wawili watakaoachana njiani wataipata wote wawili. Namalwa alisikia, akanyamaza. Hakutaka kubishana naye mbele ya watoto, wala kuipoteza ruhusa.

Sasa alizunguka meza za wauzaji akiuliza. Kijana aliyekuwa akipara samaki alimjibu bila kuinua kisu: "Toto ya shule? Leo iko wengi hapa, madamu." Mwanamke wa dagaa alisema alimwona msichana mrefu wa sweta la bluu akielekea chini, kwenye mashua. Namalwa aliteremka mbio. Mashua moja ilikuwa inaondoka kwenda visiwani, imejaa watu na magodoro. Aliita jina la Huguette mpaka watu wa kwenye mashua wakageuka. Nyuso zote zilikuwa ngeni.

Alitazama maji yaliyokuwa kati ya mashua zilizofungwa. Yalikuwa meusi, yana majani na mifuko ya plastiki, na kitu cha bluu kilikuwa kinaelea. Mvuvi mmoja akakivuta kwa kasia, kikawa kipande cha turubai.

Alipaswa kumpigia mama yake Huguette mara moja. Alilijua hilo. Lakini aliishika simu mkononi akajiambia azunguke tena mara moja, labda mtoto yuko nyuma ya kibanda fulani anakojoa, labda kabla simu haijaita atatokea. Alizunguka. Hakutokea. Ndipo alipopiga.

Mama Huguette, ambaye jina lake ni Pélagie, alikuwa akipitisha vitenge kwenye nyumba za ghorofa za Bukoto. Namalwa alimweleza kwamba Huguette haonekani, kwamba walikuwa kando ya ziwa, na kwamba wanamtafuta. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikijaribu kuwa tulivu. Pélagie akauliza neno moja tu, "Majini?" Namalwa akasema hajui. Simu ikakatika.

Bwana Okwera, alipopigiwa, alimwamuru awarudishe wengine kwanza. Namalwa aliwaomba wavuvi waendelee kuangalia, akawapandisha watoto mlimani akiwahesabu kila kona, akigeuka kila baada ya nyumba chache kutazama ziwa. Mtoto mmoja alianza kulia, akafuata mwingine.

Walipofika, Okwera alimchukua Adoch ofisini. Namalwa aliingia nyuma yao. Fimbo ilikuwa juu ya meza, na mwalimu mkuu alikuwa anauliza swali lilelile kwa Kiingereza, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na Adoch anajibu vilevile kwamba hajui. Namalwa alimtazama mtoto. Aliijua sura hiyo. Adoch asiyejua jibu huangalia dari. Huyu alikuwa anaangalia sakafu.

Alimwomba mwalimu mkuu awaachie dakika chache. Okwera alisema hakuna dakika za kuchezea. Namalwa akasema, kwa upole ambao hakujua ameutoa wapi, kwamba ndiyo maana anaomba. Okwera alimtazama, akatoka. Fimbo akaiacha pale pale.

Namalwa alipiga magoti ili macho yao yawe sawa. Alitaka kumwambia Adoch kwamba hatapigwa, lakini hakuwa na uwezo wa kuahidi hilo, na mtoto angelijua.

"Sijui mwalimu mkuu ataamua nini," alimwambia. "Ila akiinua fimbo hiyo, mimi nitasimama kati yako na yeye. Hilo naweza. Huguette yuko wapi?"

Adoch aliinua macho kutoka sakafuni. "Alienda Mulago."

Maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, Kiswahili na Kiingereza vikichanganyika. Palikuwa na mama mmoja mjamzito kwenye magunia, karibu na wauza barafu. Alikuwa analia na kusema maneno ambayo watu hawakuyaelewa. Wanaume walimweka kwenye teksi wampeleke hospitali ya Mulago. Huguette alimsikia, akamwambia Adoch kwamba yule ni mtu wa kwao. Akaingia kwenye teksi. Akasema, mwambie mwalimu. Halafu teksi ikaondoka, na Adoch akakumbuka kwamba wameachana, na kwamba fimbo ni ya wote wawili.

Namalwa alimkumbatia mtoto yule haraka, kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono mwingine tayari ulikuwa unabonyeza namba ya Pélagie. Iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena, na tena. Pélagie alikuwa njiani kwenda Ggaba, na simu yake, kama alivyokuja kueleza baadaye, ilikuwa chini ya vitenge ndani ya mfuko ambao hakuufungua. Namalwa alimsihi Bwana Okwera ateremke sokoni akamtafute mwanamke yule kabla hajafika majini. Mwalimu mkuu, ambaye kwa kawaida hakukubali kutumwa, alichukua kofia yake akaenda.

Namalwa alipanda bodaboda. Njia nzima aliyafikiria mambo ambayo hakuwa ameyafikiria sokoni. Ni nani alikuwa kwenye teksi hiyo. Kama kweli ilifika Mulago. Mtoto asiyejua mji atafanyaje akishushwa njiani. Foleni ya mjini ilipowasimamisha alimwomba dereva apite kando ya mtaro, na dereva akamwuliza kama anamwahi mgonjwa wake. Alisema ndiyo.

Mulago ni pakubwa hata kwa mtu anayepajua. Namalwa aliuliza kwenye dirisha moja, akaelekezwa jengo jingine, akapanda ngazi ambazo sizo, akashuka. Kila msichana mwenye sweta aliyemwona kwa mbali alikuwa Huguette mpaka amfikie. Mwishowe mlinzi wa upande wa kina mama alisema ndiyo, kuna mtoto wa shule humo ndani, anafasiri.

Alimkuta kwenye benchi la ukumbini. Sweta la bluu lilikuwa na madoa ya damu iliyokauka kwenye mikono, na mapajani alikuwa ameshika kandambili za mtu mzima. Alipomwona mwalimu wake alisimama, kama wanavyosimama darasani.

Namalwa alimshika mabega, kisha uso, kisha mikono, akitafuta jeraha. Damu haikuwa yake. Alitaka kumgombeza na alitaka kulia, na kilichomtoka ni swali dogo tu: kwa nini.

"Hakuna mtu alikuwa anasikia ile anasema," Huguette alijibu. Kwao kusikia ndiko kuelewa. "Wewe ulisema asiyeelewa asiachwe yeye peke."

Namalwa alikaa kwenye benchi kando yake.

Huguette alimsimulia polepole. Mama huyo aliitwa Nsimire, aliingia Uganda hivi karibuni, na mumewe alikuwa amevuka kwenda visiwani kutafuta kazi. Madaktari walipomwuliza maswali, Huguette aliyageuza kwa Kiswahili cha nyumbani, na yale ambayo Nsimire aliyasema kwa Kishi, lugha ya huko Bukavu, aliyageuza pia, kwa maana bibi yake alikuwa Mshi. Kiingereza chake kilikuwa kile cha darasa la tano, lakini kilitosha kusema kwamba damu ilianza jana, na kwamba mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Waliposikia hilo walikimbia naye. Sasa ametoka chumba cha upasuaji, amelala kule mwisho; kandambili hizi ni zake.

Muuguzi alitokea mlangoni na kumwita Huguette kwa kidole. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyochoka. Namalwa alisimama pia, akajitambulisha. Muuguzi akashusha sauti. Mama ameamka, alisema, na atapona. Mtoto hakuwa hai walipomtoa. Lazima aambiwe, anamwulizia, na hapa hakuna wa lugha yake zaidi ya msichana huyu.

Huguette alikuwa amelisikia lile neno la Kiingereza la mtoto aliyezaliwa amekufa. Alilijua. Namalwa aliona midomo yake ikisogea, akilitafutia neno la Kiswahili, akijiandaa kwenda kufanya kazi ile kama alivyofanya nyingine zote tangu asubuhi.

"Wewe baki hapa," Namalwa alimwambia. "Hili nitalisema mimi."

Aliingia peke yake. Hakuwahi kumpa mtu habari ya namna ile, na Kiswahili chake cha Bungoma na Bukoto ghafla kilionekana hakina neno linalofaa. Nsimire alikuwa mdogo kuliko alivyodhani, pengine wa umri wake mwenyewe. Namalwa alishika mkono wake, akasema yeye ni mwalimu wa yule msichana, akasema pole, akasema mtoto hakubaki. Nsimire akageuzia uso ukutani akasema kwamba alijua, mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni tangu usiku. Akauliza yule msichana yuko wapi. Namalwa alisema yuko salama, yuko nje. Nsimire akasema, "Asiingie kwangu sasa. Asinione hivi." Namalwa alikaa naye mpaka usingizi wa dawa ulipomchukua.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa namba ya Bwana Okwera, lakini sauti ilikuwa ya Pélagie. Mwalimu mkuu alikuwa amemkuta, kama alivyokuja kusimulia, ameingia majini mpaka kiunoni katikati ya mashua, akipapasa kwa mikono. Namalwa alimpa simu Huguette. Msichana alisema "Mama," na hapo ndipo alipoanza kulia.

Pélagie alifika nguo zikiwa bado na unyevunyevu. Alimkagua binti yake kichwani hadi miguuni, akamvua lile sweta, akamfunga kitenge kipya mabegani. Hakupandisha sauti. Alimtuma Huguette akanawe uso, na alipokuwa mbali akamgeukia mwalimu.

"Miye nilivuka naye mupaka kwa sababu anaogopa," alisema. "Namwambia lala, analala. Namwambia usiongee, haongei. Uoga njo ulimuleta huku muzima. Sasa weye umemufundisha asiogope."

Namalwa alisema anaomba radhi. Alianza kueleza kwamba Huguette ameokoa maisha ya mtu leo, na kwamba madaktari wenyewe wamesema. Pélagie alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema amefurahi kwa yule mama, Mungu amsaidie, lakini yeye anaye huyu mmoja tu.

Wakaondoka. Namalwa aliwatazama wakipungua kwenye ukumbi mrefu, mama ameshika mkono wa binti juu kidogo ya kifundo, kama anayeshika kitu kinachoweza kukatika.

Wiki iliyofuata kiti cha Huguette kilikaa kitupu. Adoch hakupigwa. Namalwa alikuwa amejiandaa, alilala vibaya akipanga atakavyosimama, lakini Bwana Okwera alimpa mtoto adhabu ya kufagia uwanja na hakuigusa habari ile tena. Kuna kitu kilikuwa kimembadilisha pale majini, au pengine alikuwa amechoka tu. Safari za nje zilipigwa marufuku. Obonyo, msimamizi wa Namalwa kutoka kwenye mpango, alikuja, akaketi naye, akataka kujua yote. Alisema kisa cha msichana huyo kingewagusa wafadhili, ni ushahidi wa kile wanachokifanya. Namalwa alimwomba asikisimulie popote. Obonyo alishangaa. Namalwa akamwuliza angekisimulia mpaka wapi: mpaka teksi, mpaka upasuaji, au mpaka mama aliyekuwa anapapasa majini. Obonyo alikunja karatasi zake bila kuandika.

Kila asubuhi Namalwa alisimama karibu na geti kuliko ilivyokuwa lazima. Akilini alibishana na Pélagie, na karibu kila mara Pélagie alimshinda. Ilikuwa kweli kwamba alimfundisha mtoto kwenda mbele bila kumfundisha namna ya kurudi. Angeachwa pale Mulago, Huguette asingejua hata teksi ya kupanda. Na mwisho wa mwaka mwalimu mwenyewe angeondoka, na darasa lingempata mtu mwingine, ambaye pengine asingejua Kiswahili hata kidogo. Mambo hayo alikuwa hajayapima.

Jumatatu iliyofuata Pélagie alikuja. Huguette alikuwa nyuma yake, sweta limefuliwa lakini madoa bado yanaonekana kwa mbali. Mama hakusalimia kwa maneno mengi. Alisema mtoto amekataa kula vizuri, anataka shule, na yeye hawezi kumfungia ndani siku zote akiwa anazunguka na vitenge. Kisha akatoa masharti yake. Mtoto ajue namba ya mama yake kwa kichwa, aiseme akiamshwa usingizini. Ajue majina ya teksi na njia. Na afundishwe Luganda.

"Kiswahili yako ilimufikisha Mulago," alisema. "Haikukuwa ya kumurudisha."

Namalwa alikubali. Alikiri pia kwamba Luganda yake mwenyewe ni ya dukani, lakini darasani wamo watoto ambao ndiyo lugha ya mama zao, na ataanza nao leo hii.

Pélagie alisema atakaa aone. Akapita, akaketi kwenye benchi la mwisho kati ya watoto, mfuko wa vitenge miguuni. Namalwa alifundisha mbele yake akiwa na chaki inayoteleza kwa jasho. Alikosea hesabu mara moja ubaoni, na watoto wakamsahihisha. Alimwita Huguette aseme kwa Luganda yuko wapi na anataka kwenda wapi. Huguette alisimama, akababaika, akatamka r mahali pa l, darasa likacheka. Adoch, ambaye naye hakuijua vizuri, alisimama kando yake wakajaribu pamoja, wakakosea pamoja. Mwana wa muuza dagaa akawasahihisha. Wakarudia.

Namalwa alitupa jicho nyuma. Pélagie hakuwa anacheka, ila midomo yake ilikuwa inasogea, akijaribu maneno yaleyale bila sauti.

Kabla ya uji wa saa nne Pélagie aliinuka, akajitwika mfuko wake, akatoka bila kuaga. Namalwa aliacha chaki akaenda mlangoni. Mwanamke huyo alikuwa ameshafika getini. Alisimama pale, akaangalia ziwa kwa chini, akaangalia barabara. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba Namalwa alidhani atarudi kumchukua binti yake. Kisha akavuka barabara, akaendelea na kazi yake, na binti yake akamwachia Namalwa.